Vifaa vya kuanzia kuchoma nyama kwa mkaa bila kuumia mfukoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mtu anayetaka kuanza kuchomea nyumbani, uani au nje ya banda, na ambaye hana haja ya jiko la kifahari la supamaketi. Mifano mingi ni ya Dar es Salaam, Nairobi na Pwani, kwa sababu huko fundi wa bati na muuza mkaa hawako mbali. Jambo moja litajirudia: anayeanza anahitaji uwezo wa kuutawala moto, na fedha yake iende huko kabla ya kwenda kwenye urembo.

Nianze na vifaa gani hasa?

Jiko lenye nafasi ya kutenga moto upande mmoja na kuacha upande mwingine mtupu. Wavu mzito. Koleo refu. Mkaa mkavu wa mti mgumu. Kopo la kuwashia, ambalo unaweza kulitengeneza mwenyewe. Sinia mbili, moja ya nyama mbichi na nyingine ya iliyoiva. Ndoo ya mchanga pembeni.

Hivyo vinatosha kwa miezi kadhaa. Aproni ya ngozi, seti ya visu kwenye mkoba na brashi yenye mpini wa kung'aa vinapendeza kama zawadi, lakini nyama haitaiva vizuri zaidi kwa sababu yake. Kama bajeti ni ya kubana, igawe mafungu manne: mawili jiko, moja wavu, na la mwisho koleo pamoja na mkaa wa kwanza. Watu wengi hufanya kinyume. Jiko linameza fedha zote, halafu wavu unakuwa kipande cha waya kilichookotwa stoo.

Jiko la mkaa la jikoni halitoshi?

Linatosha kuonjea kazi. Mahindi, mihogo, ndizi na mishikaki michache utachoma bila shida.

Tatizo lake ni umbo. Jiko la udongo ndani ya bati, lile lililosambaa Kenya kuanzia miaka ya 1980 na kuenea nchi jirani, limeundwa kukusanya joto katikati, chini ya sufuria, ili mkaa kidogo uivishe maharage. Kwa sufuria ni jiko zuri sana. Kwa paja la kuku, joto lote liko sehemu moja na huna pa kulikimbizia paja mafuta yanapodondoka na moto kuruka juu. Ngozi inaungua na mfupani bado kuna damu. Kama hilo ndilo pekee ulilonalo, anza nalo kwa vipande vidogo na vyembamba, na mkaa usijae.

Ninunue jiko lililo tayari au nimpe fundi kazi?

Mpe fundi, hasa kama uko karibu na Gerezani jijini Dar es Salaam au Kamukunji jijini Nairobi. Katika mitaa hiyo milio ya nyundo haikomi mchana kutwa, na majiko ya kuchomea yamepangwa nje, unayashika na kuyapima kwa mkono. Majiko mengi ya kukunja yanayouzwa madukani ni ya bati jembamba. Likipata moto mara chache hujipinda, miguu hulegea, na wavu haukai tena sawasawa.

Fundi mwambie vipimo, usimwambie tu "jiko la kuchomea". Kwa familia ya watu watano au sita, sanduku la sentimita 60 kwa 40 linafaa, kina sentimita 20 hivi. Bati liwe la milimita 1.5 hadi 2. Ndani kuwe na wavu mdogo wa kubebea mkaa, ulioinuliwa sentimita 4 au 5 kutoka sakafuni, ili majivu yadondoke chini na hewa ipite. Ukikosa huo, mkaa hukaa juu ya majivu yake, unapumua kwa shida na moto unazimika katikati ya kazi. Kutoka kwenye mkaa hadi kwenye wavu wa nyama kubaki sentimita 10 hadi 15.

Halafu kuna matundu ya hewa. Hapa ndipo jiko zuri na bovu hutengana. Omba matundu chini ya pande mbili zinazotazamana, yenye kibati cha kusogeza kinachoweza kuyafunga nusu au yote. Ukiyafungua, moto unapanda, ukiyafunga, unatulia. Jiko lenye matundu yasiyofungika halikupi chaguo, hasa upepo wa baharini ukiamua kuvuma jioni.

Kabla hujalipa, liweke chini mbele ya fundi na ulisukume kwa goti. Likiyumba, mwambie aongeze kiungo cha kuunganisha miguu. Jiko lililojaa makaa likipinduka karibu na watoto, hakuna bei ya kufidia hilo.

Jiko la pipa je? Na la rimu ya gari?

Pipa la lita 200 likipasuliwa kwa urefu linatoa majiko mawili, na wachomaji wengi wa biashara hutumia hayo. Kwa anayeanza lina kasoro mbili. Kwanza, ukubwa: urefu wake hukaribia sentimita 90 na kina chake sentimita 29 hivi, kwa hiyo linakula mkaa mwingi kabla joto halijaifikia nyama. Unaweza kulipunguza kwa kupanga matofali ya udongo ndani na kuweka wavu wa mkaa juu yake. Pili, historia ya pipa. Lililobeba mafuta ya kula au molasi linafaa. Lililobeba dawa za mimea, kemikali za kiwandani au kitu kisichojulikana, liache hata ukipewa bure. Lililobeba petroli usilipeleke kukatwa kwa grenda au gesi. Mvuke uliobaki ndani unaweza kulipuka. Pipa safi nalo lichomwe kwanza kwa kuni nje, mpaka rangi yote iishe, kabla halijaona nyama.

Rimu ya chuma ni jiko dogo, gumu, la bei nafuu, zuri kwa mtu mmoja au wawili. Angalia tu isiwe ya aluminiamu, zile ziitwazo rimu za spoti. Aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzijoto 660 za Selsiasi, na makaa yanayopepewa kwa nguvu yanaweza kufika huko. Jaribu kwa sumaku: ikinasa, ni chuma.

Kwa nini mnasisitiza sana wavu?

Kwa sababu ndicho kitu pekee katika jiko zima kinachogusa chakula.

Wavu mwembamba hupoteza joto mara nyama inapowekwa, hivyo nyama inang'ang'ania na kuchanika unapoigeuza. Wavu wa nondo laini za milimita 6 au 8, zilizopangwa kwa nafasi ya sentimita moja hadi moja na nusu, hushika joto na kukaa miaka. Mwambie fundi aunganishe vijiti kwa chini ili juu pawe laini, na auache ukiwa vipande viwili. Hivyo unaweza kuinua upande mmoja na kuongeza mkaa bila kuondoa nyama yote.

Usitumie wavu wa banda la kuku wala kitu chochote cha mabati kilichopakwa zinki. Zinki huyeyuka kwenye nyuzijoto 420 hivi, na ikipata joto kali zaidi hutoa moshi unaoleta homa, kutetemeka na kifua kubana. Mafundi wa kuchomelea vyuma wanaijua hali hiyo. Rafu za friji kuukuu nazo huonekana kama bahati, lakini baadhi ya zile za zamani zilipakwa kadimiamu, ambayo ni sumu. Ziache.

Wavu mpya uoshe, ukaushe, uupake mafuta ya kula kiasi kidogo, kisha uuweke juu ya moto mpaka moshi uishe. Rudia mara mbili tatu. Utabadilika kuwa mweusi wa kung'aa, na hapo ndipo unakuwa wavu wa kuchomea. Kila unapoanza, chukua nusu ya kitunguu maji, kichome kwenye uma, kichovye kwenye mafuta na usugue nacho vyuma vikiwa vya moto. Harufu tu itawaita majirani.

Vijiti vya mishikaki vya chuma au vya mianzi?

Vya chuma bapa. Nyama ikiwa kwenye kijiti cha duara, unageuza kijiti na nyama inabaki ilipokuwa. Kijiti bapa hugeuka na nyama yake. Sentimita 35 hadi 40 zinatosha, nyama ikae katikati na mwisho ubaki wa kushikia.

Vya mianzi ni rahisi na vinafaa kwa wageni wengi. Viloweke kwenye maji nusu saa, na ncha zake uziweke nje ya moto. Spoki za baiskeli, ambazo utaziona kwa baadhi ya wachomaji wa mitaani, sizipendekezi. Nyingi zimepakwa zinki.

Kama unachoma mishikaki tu, huhitaji hata wavu. Fundi akutengenezee jiko refu jembamba, upana sentimita 15, vijiti vikae vimelala juu ya kingo zake. Mpangilio huo utauona Forodhani, Unguja, na pia Oman, ambako mishikaki huchomwa kandokando ya barabara na jina ni lilelile. Ni jiko linalotumia mkaa kidogo kuliko mengine yote.

Koleo lazima? Siwezi kutumia uma?

Uma hutoboa, na kila tundu hutoa maji ya nyama kwenye moto. Nunua koleo la chuma la sentimita 40 hivi, lisilo na plastiki kwenye ncha. Likibana ganda la kiberiti bila kuteleza, linafaa. Ukiweza, nunua mawili: la nyama na la makaa, yasichanganywe.

Kipepeo cha ukindu kinunue cha sokoni. Ni cha bei ndogo na kinafanya kazi vizuri kuliko kadibodi, ila kitumie kuwashia tu. Ukipepea nyama ikiwa tayari juu, majivu yote yatatua kwenye chakula.

Mkaa mzuri nitaujuaje?

Chukua vipande viwili uvigonganishe. Mkaa ulioiva wa mti mgumu, kama wa mgunga, hulia kwa sauti kali kama vigae. Usioiva hutoa sauti ya mti. Uvunje: ndani uwe mweusi wote, wenye mng'ao kidogo. Ukiona hudhurungi katikati, hicho ni kipande kisichoiva, kitatoa moshi mzito unaochoma macho na kuipa nyama uchungu. Mkaa wa miti laini ni mwepesi mkononi, unawaka haraka, unarusha cheche na kwisha kabla kuku hajaiva.

Usinunue kwa macho ya juu ya gunia. Vipande vikubwa hupangwa juu, chenga ziko chini. Kwa anayeanza, debe moja linatosha kwa kazi kadhaa, na likikuangusha hujapoteza fedha nyingi. Muuzaji akiwa mzuri, rudi kwake na mwambie unachomea nyama, wengi watakuchagulia. Uhifadhi mahali pakavu, juu ya ubao, maana mkaa hunyonya unyevu, na mkaa wenye maji hupasuka na kurusha cheche.

Vifuu vya nazi ni hazina ya Pwani. Vinatoa joto kali na harufu tamu, lakini huisha haraka. Vichanganye na mkaa, au vitumie kwa samaki ambaye hahitaji muda mrefu.

Na mkaa mbadala?

Uliotengenezwa kwa vifuu au mabaki ya mkaa ni mzuri: joto lake ni la kutulia, halipandi na kushuka, ingawa majivu ni mengi. Mwanzoni utulivu huo unasaidia sana. Uliotengenezwa kwa makaa ya mawe uache chini ya sufuria. Usiweke nyama wazi juu ya moshi wake. Soma mfuko au muulize muuzaji.

Nchi inahimizwa iache mkaa. Kwa nini nijifunze kuchoma kwa mkaa sasa?

Swali hili ni la haki. Tanzania ilizindua Mei 2024 mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo 2034. Sababu zake ni za kweli: misitu inakatwa na mama zetu wanavuta moshi kila siku.

Kuchoma nyama Jumamosi moja moja si sawa na kupika ugali, chai na maharage kwa mkaa mwaka mzima. Vya kila siku vipike kwa gesi au umeme. Unapochoma, tumia kiasi kinachotosha, zima makaa yaliyobaki uyatumie tena, na penye mkaa wa vifuu nunua huo. Jiko lenye matundu yanayofungika linakusaidia hapa pia.

Niwashe vipi bila mafuta ya taa?

Kwa kopo. Chukua kopo kubwa la maziwa ya unga, ondoa kifuniko na karatasi ya nje, toboa matundu kuzunguka sehemu ya chini na machache kwenye kitako. Funga waya mnene juu uwe mkono wa kubebea. Mara ya kwanza lichome tupu, liishe rangi na harufu.

Liweke juu ya vipande viwili vya tofali. Chini weka kurasa mbili za gazeti zilizopakwa mafuta ya kula kidogo, maana hivyo huwaka taratibu. Jaza mkaa, washa chini, kaa mbali. Moto hupanda wenyewe. Baada ya dakika 15 hadi 20 vipande vya juu vitakuwa vimeanza kuvaa majivu ya kijivu. Mimina kwenye jiko kwa kutumia koleo na kitambaa kinene kikavu. Bati la kopo ni jembamba, kwa hiyo litaungua baada ya muda. Tengeneza jingine.

Mafuta ya taa huacha harufu kwenye nyama, na kuyamwaga kwenye moto uliokwisha kuwaka kumewaunguza wengi. Plastiki ni marufuku kabisa hapa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, lakini chupa na vifungashio bado vinatupwa kwenye majiko kama viwashio. Moshi wake unaingia kwenye chakula na mapafuni.

Nitajuaje moto uko tayari?

Makaa yavae majivu, miali iishe. Kisha sogeza makaa yote upande mmoja wa jiko. Weka kiganja sentimita 12 hivi juu ya wavu na uhesabu kwa utulivu. Ukilazimika kutoa mkono kabla ya tatu, moto ni mkali: unafaa mishikaki na steki nyembamba. Nne hadi sita ni wa wastani, wa samaki na mbavu. Nane hadi kumi ni wa pole, na mara nyingi utaukuta ule upande usio na makaa.

Nyama ipate rangi kwenye upande mkali, imalizikie upande wa pole. Mafuta yakidondoka na miali ikiruka, hamisha nyama. Usimwagie maji, utarusha majivu na mvuke wa moto usoni.

Jiko halina mfuniko? Funika vipande vya kuku kwa sufuria kuukuu iliyopinduliwa, upande wa pole. Joto linazunguka, na paja la kuku wa kisasa linaiva mpaka mfupani ndani ya dakika 35 hadi 45. Kuku wa kienyeji mchemshe kwanza. Misuli yake haiwezi kulainika kwenye wavu peke yake.

Kipimajoto cha nyama kina maana yoyote kwa bajeti ndogo?

Kina. Ni kifaa pekee cha betri ninachokitetea. Kuku anapaswa kufika nyuzijoto 74 katikati ya sehemu nene, mbali na mfupa. Nyama ya kusaga 71. Kwa jicho ni rahisi kudanganyika, maana ngozi ya kuku yenye ukwaju au asali huwa nyeusi kabla ya wakati. Mpaka ukipate, pasua karibu na mfupa na uangalie kabla hujapakua.

Mvua inanyesha. Naweza kuchomea ndani au kwenye varanda iliyofungwa?

Hapana. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoua mtu akiwa amelala au amekaa akizungumza. Dirisha lililo wazi halitoshi. Na jiko linaloonekana limezimika bado linaitoa, kwa hiyo usiliingize ndani kupasha chumba joto. Watu wa Mbeya, Njombe na Limuru, hili liwakae kichwani wakati wa baridi. Kwa wanaoishi ghorofani, soma kwanza masharti ya jengo, halafu tafuta uwanja.

Nikimaliza nifanye nini?

Wavu ukiwa bado wa moto, ukwangue kwa kipande cha mti mgumu kilichochongwa bapa. Brashi za waya huacha nyuzi zinazoweza kunata kwenye wavu na kumezwa pamoja na nyama.

Makaa yaliyobaki yahamishie kwa koleo kwenye debe la chuma lenye mfuniko wa kubana. Yakikosa hewa yatazima na kesho yatawaka haraka kuliko mkaa mpya. Majivu yaache mpaka siku ya pili kabla ya kuyamwaga, kwani kaa dogo hujificha ndani yake kwa saa nyingi. Jiko likipoa, toa majivu yote. Majivu yenye unyevu hula bati, na Pwani chumvi ya hewani inaharakisha kutu.

Siku ya kwanza nichome nini?

Mishikaki ya nyama ya steki. Kata vipande vya sentimita 3, visilingane tu kwa juu juu bali kwa unene, maana kipande kimoja kikubwa huharibu kijiti kizima. Tangawizi, kitunguu saumu, ndimu, chumvi, mafuta kidogo. Papai bichi lililosagwa, kijiko kimoja kwa kilo, lakini lisikae zaidi ya saa mbili; likizidi nyama inakuwa uji. Usivibananishe vipande kwenye kijiti. Moto mkali, geuza mara kwa mara, na dakika 8 hadi 10 zinatosha.

Kuku mzima na mbavu za mbuzi viache mpaka umeujua upande wa pole wa jiko lako.

Nikishazoea, ninunue nini cha pili?

Kipimajoto, kama hukukinunua. Baada yake, wavu wa kubana wenye mikono miwili kwa ajili ya samaki, ili changu mzima ageuke bila kuacha ngozi yake chini. Glovu za ngozi za fundi wa kuchomelea zije baada ya hapo. Zinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi na hulinda mkono vizuri unapomimina makaa.